Simu Ikianza Kuzingua

Dalili zinajulikana. Mtu anatoka nyumbani Kimara simu ikiwa na chaji asilimia 100, akifika Posta imebaki 41, na kabla ya saa sita mchana ameshaanza kuulizia soketi kwenye ofisi za watu. Au simu inazima katikati ya mazungumzo, inajiwasha, kisha inaganda kwenye nembo ya kampuni dakika nzima. Au anayepiga anaambiwa namba haipatikani, na mwenye namba kaishika mkononi, anaitazama. Wiki mbili za hali hiyo zinatosha kumpeleka mtu Kariakoo.

Kariakoo ya simu ni Mtaa wa Aggrey, Mtaa wa Likoma na vichochoro vinavyotokea Msimbazi. Upande mmoja kuna maduka yenye makabati ya vioo na vijana wanaoita wapita njia, "Bosi karibu, unataka simu gani?" Upande mwingine kuna mafundi na meza zao finyu: hita ya kulegeza gundi, bisibisi nyembamba, mswaki uliozeeka, kichupa cha spiriti, na lundo la simu zisizo na mgongo. Anayeanzia dukani hurudi nyumbani na simu mpya. Anayeanzia kwa fundi, mara nyingine hurudi na ileile.

Fundi anayejua kazi hana haraka ya kufungua. Kwanza anamulika tundu la chaji kwa tochi ya simu yake, anachukua kijiti cha meno, anachokonoa taratibu. Kinatoka kibonge cha vumbi na nyuzi za mfuko wa suruali, kigumu, kimeshindiliwa miezi na miezi na waya wa chaja wenyewe, kwa kuwa kila unapochomekwa unakisukuma ndani zaidi. Mwisho wake waya unaingia nusu, ukiguswa unaachia, na simu inalala kwenye chaja usiku kucha bila kupata kitu. Mwenye simu ameshaapa kwamba betri imekufa. Fundi mwenye tamaa angemuunga mkono, akambadilishia sistimu ya chaji pamoja na betri, na kibonge kile kingetupwa kimyakimya.

Hata hivyo betri nazo hufa kweli. Kwa betri za lithiamu, watengenezaji wengi wamezoea kuhesabu mizunguko kama 500 ya kujaa na kuisha kabla uwezo haujashuka hadi asilimia 80 hivi, maana yake anayemaliza chaji nzima kila siku hufika hapo kwa takriban mwaka na nusu. Baada ya hapo simu haijaharibika, imechoka kiungo kimoja, na kiungo hicho hubadilishwa. Betri iliyovimba ni habari nyingine. Kioo kikianza kunyanyuka pembeni na kava likakataa kukaa, kilichomo ndani ni gesi. Betri hiyo haichajiwi tena, haitobolewi ili "ipumue", na hailazwi chini ya mto. Inatolewa na mtu anayejua anachofanya.

Kuna pia kosa la kuilaumu simu kwa dhambi za mtandao. Kipimo chake ni chepesi: laini itolewe iwekwe kwenye simu nyingine, palepale inaposumbua, saa ileile. Kama na huko mnara hausomi, simu haina hatia. Tatizo ni mtandao wa eneo hilo, au ni kile kipande cha laini chenyewe, ambacho kwa wengine kimekaa ndani ya simu tangu kabla ya 4G. Duka la kampuni hutoa kipande kipya chenye namba ileile, na kwa watu kadhaa hiyo ndiyo dawa ya intaneti waliyokuwa wakiitafuta kwenye matangazo ya simu mpya.

Zipo simu ambazo fundi hazisaidii, kwa sababu hazijaharibika, zimeachwa. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4, toleo la 2013, na Mei mwaka huohuo ikaziacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Kioo kizima, betri nzima, lakini kundi la ukoo, kundi la kikoba na kundi la wazazi wa darasa la pili yote hayafunguki. Kwa Mtanzania wa leo hiyo ni sababu ya kutosha kabisa kununua simu nyingine, na hakuna haja ya kumcheka.

Basi anavuka kwenda upande wa makabati ya vioo.

Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na wengi waliolala na simu waliamka na vioo vya kujitazamia. Zoezi lile liliacha desturi moja nzuri ambayo wanunuzi wengi wameisahau. Ukibonyeza *#06# simu inaonyesha namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI. Ukiituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, jibu linataja aina na toleo la simu yenye namba hiyo. Jibu likitaja kitochi cha Nokia wakati mkononi kuna Samsung ya kioo kikubwa, biashara imeishia hapo. Namba hiyo ilingane pia na iliyoandikwa kwenye boksi. Haya yote yanafanyika mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka, na muuzaji wa haki hakasiriki.

Simu mpya za bei ya watu wengi ni Tecno, Infinix na Itel, na wanaobishana vijiweni ipi ni bora kati ya hizo wangeshangaa kujua kwamba zote tatu ni za mzazi mmoja, Transsion ya Shenzhen, China, kampuni iliyojijenga kwa kuisoma Afrika: laini mbili, betri nene, kamera iliyoandaliwa kupiga vizuri ngozi nyeusi. Si simu mbaya. Ila boksi zake zinahitaji miwani. Nje pameandikwa kwa herufi kubwa RAM ya GB 8, na chini yake, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, 4+4. RAM halisi ni GB 4. Nne nyingine ni nafasi iliyoazimwa kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni ya mwendo wa polepole zaidi, na kuiita RAM ni ujanja wa soko. Mwandishi huyu angependa siku moja amwone muuzaji wa mchele akipima hivyo pale Tandale.

Kinachomaliza subira ya watu wengi kwenye simu ya bei ndogo ni nafasi ya kuhifadhi, wala si kamera. Simu ya GB 32 inakuja na sehemu kubwa imeshaliwa na mfumo wake, halafu makundi ya WhatsApp yanaleta video za harusi, mahubiri na vichekesho, na kabla ya mwaka kuisha simu inaomba ifutiwe vitu kila siku. Kama pesa ya nyongeza ipo kidogo, na mtu anachagua kati ya megapikseli na GB, achukue GB.

Mtumba una mashabiki wake, hasa wa iPhone. Humo mna mitego miwili ambayo macho hayaioni. Wa kwanza ni akaunti ya mwenye simu wa zamani: simu iliyofungwa kwa iCloud, au Android inayodai akaunti ya Google iliyokuwamo, inaweza kuwaka vizuri dukani na kugeuka jiwe siku itakaposafishwa upya. Mnunuzi aombe isafishwe mbele yake, na aiwashe kwa akaunti yake mwenyewe. Wa pili unahusu simu zilizotoka Marekani. Kuanzia iPhone 14 ya Septemba 2022, zile zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini. Zinatumia eSIM pekee. Zaidi ya hapo, nyingine bado zimefungwa kwa mtandao wa huko kwa sababu mnunuzi wa kwanza hakumaliza kulipa. Ndugu wa Houston aliyetuma zawadi hakuwa na nia mbaya. Lakini mpokeaji wa Mbagala anabaki na laini yake kwenye kiganja, anaizungusha simu pande zote nne akitafuta pa kuiingiza.

Simu ya mkopo nayo imeshika kasi Afrika Mashariki yote. Mwaka 2020 Safaricom ya Kenya, ikishirikiana na Google, ilianza Lipa Mdogo Mdogo kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na kampuni nyingine zimeifuata njia hiyo. Simu inalipiwa kidogo kidogo, na malipo yakichelewa inajifunga yenyewe hadi deni liguswe. Kwa dereva wa bodaboda anayepokea oda kupitia programu, simu iliyojifunga ni siku isiyo na kipato, na siku isiyo na kipato ndiyo inayoleta malipo mengine yaliyochelewa. Swali la kumuuliza wakala halihusu malipo ya siku moja peke yake: ni jumla yake hadi mwisho, na jumla hiyo ilinganishwe na bei ya taslimu ya simu ileile duka la jirani.

Kuhusu bei, Serikali ilijaribu kusaidia. Bajeti ya 2021/22 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja ili zishuke. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa, kwa maelezo kwamba haukuleta matokeo yaliyokusudiwa. Wanunuzi wa Aggrey wangeweza kutoa ushahidi huo mapema zaidi.

Simu imepatikana. Sasa laini, na hapa ndipo watu wengi wanaofikiria simu kwa mwezi mzima wanapoamua kwa dakika moja, kwa mazoea.

Hadi mwisho wa 2024 Tanzania ilikuwa na laini zaidi ya milioni 80, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, watoto wachanga wakiwamo. Tofauti hiyo ina historia. Zamani kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo mtu alimpigia mkewe kwa laini moja, bosi kwa nyingine, na mama yake kijijini kwa ya tatu. Sehemu ya ughali ule ilikuwa ada ambayo kampuni hulipana pale simu inapovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2018 TCRA iliiweka shilingi 15.60 kwa dakika, ikapangiwa kushuka mwaka hadi mwaka, na kufikia 2022 ilikuwa shilingi 2. Vile vifurushi vya dakika za mitandao yote, ambavyo leo vinaonekana kitu cha kawaida, vimesimama juu ya mshuko huo. Sababu ya kwanza ya kubeba laini tatu imekufa, laini tatu zimebaki.

Zimebaki kwa sababu ya mnara na kwa sababu ya pesa. Mnara kwanza. Hakuna mtandao ulio bora "Tanzania". Kuna mtandao ulio bora chumbani kwako, ofisini kwako na kwenye barabara unayopita kila siku. Sifa za mitandao huishi muda mrefu kuliko ukweli wake: mtu aliyehama kijiji miaka kumi iliyopita bado anaapa kwamba kule inashika kampuni fulani pekee, wakati Halotel iliingia 2015 ikipeleka minara vijijini, na Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya minara mipya 758. Anayetaka kujua hali ya leo aazime laini ya jirani, aiweke kwenye simu yake, apige na afungue video saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko kwenye intaneti. Mtandao unaopaa saa nne asubuhi na kutambaa usiku haumfai anayefika nyumbani jioni.

Kisha bando. Hesabu yake haina siri ila huonewa uvivu. Anayenunua la shilingi 1,000 kila siku ametumia shilingi 30,000 kwa mwezi, kiasi ambacho mkononi hukiona kikubwa mno kukitoa mara moja. Lakini si kweli kwamba cha mwezi humfaa kila mtu. Muuza samaki wa Feri ambaye kipato chake hujulikana jioni hana sababu ya kufunga pesa ya mwezi mzima kwenye simu. Mshahara unaoingia tarehe 25 ni jambo jingine. Kilicho muhimu ni kuangalia, ndani ya mipangilio ya simu, ni GB ngapi zilitumika mwezi uliopita na zililiwa na nini. Mara nyingi mlaji mkuu ni video zinazojicheza zenyewe na picha zinazojipakua kwenye makundi, na vyote viwili vinazimwa bure.

Sheria nazo ziko upande wa mteja kuliko anavyodhani. Kanuni za vifurushi zilizoanza Aprili 2021 zinakumbukwa kwa kelele za bei, maana vifurushi vipya vilivyotangazwa siku hizo vilizua malalamiko makubwa hadi vikasitishwa. Ndani ya kanuni hizo, hata hivyo, mlikuwa na mambo ya maana: mteja aarifiwe kifurushi kinapofikia asilimia 75 na kinapoisha, aweze kumhamishia mwingine sehemu ya kifurushi chake, na salio la kawaida lisiliwe na intaneti baada ya kifurushi kuisha bila ridhaa yake. Anayeweka vocha ya 5,000 usiku na kuikuta 1,200 asubuhi ana pa kuanzia kudai.

Pesa ndiyo inayofunga watu zaidi. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, wenzake wakafuata, na tangu makubaliano ya 2014 ya kutumiana kati ya mitandao, ambayo Vodacom ilijiunga nayo 2016, mtu anaweza kutuma kutoka mtandao wowote kwenda mwingine. Hata hivyo mfuko wenyewe umegandamana na laini. Ndani yake mna historia inayompa mtu mkopo mdogo wa dharura, namba ya kikoba, na ile namba ambayo benki hutumia kutuma ujumbe wa uthibitisho.

Ndiyo maana namba haichezewi. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake: anakwenda kwa wakala wa kampuni anayoitaka akiwa na kitambulisho, anatuma neno HAMA kwenda 15080, na utaratibu unaendelea. Waliotumia fursa hiyo ni wachache mno ukilinganisha na idadi ya laini, na sehemu ya sababu ni kwamba namba inahama lakini mfuko hauhami. Salio la vocha haliendi, pesa iliyomo ndani lazima itolewe kwanza, na deni lolote la salio au la mkopo wa simu lilipwe. Anayehama ajiandae hivyo, siku moja kabla.

Faida ya kuhama na namba ileile ni kubwa kuliko inavyosemwa. Katika nchi ambayo ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa utani wa kila kijiwe na maumivu ya waliotapeliwa, mtu anayetokea na namba mpya na kudai yeye ni shemeji anaonekana tapeli hadi athibitishe vinginevyo. TCRA imeweka namba 15040 ya kuripoti matapeli wa aina hiyo. Kuna ndugu wa kweli ambao wamewahi kuripotiwa humo, bila shaka.

Na kama ni kampuni zenyewe zinazobadilika, hilo halihitaji foleni. Mobitel ya 1994 ikawa Buzz, ikawa Tigo, na tangu Novemba 2024 ni Yas. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. Mzee aliyenunua laini yake enzi za mwanzo amepitia majina matatu au manne akiwa amekaa barazani.

Siku ya kuhamia kwenye simu mpya, la haraka ni WhatsApp, kwa kuwa akaunti yake hufuata namba na si kifaa: nakala ya mazungumzo (chelezo) ipandishwe kwenye akaunti ya Google kupitia intaneti ya ofisi au ya jirani mwema, maana ni nzito, kisha simu mpya iombe namba na ipokee msimbo wa tarakimu 6. Msimbo huo haupewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja. Majina ya watu yakaguliwe yamehifadhiwa wapi, kwa sababu yaliyo kwenye simu hayatoki na laini.

Simu ya zamani mara nyingi hupewa mtoto au hupelekwa kijijini, na hapo hufanyika uzembe mkubwa kuliko wote: inaondoka na akaunti ya Google, picha za vitambulisho na, wakati mwingine, ile laini ya pili ambayo mwenyewe ameshaisahau. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea ujumbe wa benki wa aliyemtangulia. Tangu muda wa usajili wa alama za vidole ulipoisha Januari 2020, kila laini ina jina la mtu, na mwenye jina ndiye anayetafutwa ikifanya uhalifu. Kubonyeza *106# kunaonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoitambua, duka la kampuni husika huiondoa kwa kitambulisho na kidole, na kwa kuwa safari ya kuchukua kipande kipya cha laini inaishia kwenye kaunta hiyohiyo, kazi zote mbili zinaweza kufanywa kwa foleni moja.